Kura Ishirini na Saba na Kontena Moja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mwenyekiti wa tawi ametangaza kustaafu. Hatimaye! Alitangaza wakati wa chai, mdomo umejaa mkate, kwa hiyo nusu ya wanachama hawakumwelewa. Mimi nilimwelewa. Nimelisubiri neno hilo miaka kumi na moja.

Kwa kumbukumbu: mimi ni katibu wa tawi. Chama chetu ni cha madereva wa mitambo mizito na mafundi wa mitambo ya majengo. Kuna watu wa nje, wenye katapila, greda, kijiko na kreni. Kuna watu wa ndani, wenye lifti, pampu na majenereta. Wa nje huwaita wa ndani mabwana vivuli. Wa ndani huwaita wa nje vumbi lenye leseni. Jumla wanachama arobaini na sita. Mimi naendesha rola, nashindilia barabara. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kazi ya heshima. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, lakini ni ya heshima.

Uchaguzi ni Ijumaa. Wagombea wawili: mimi na Dada Kreni.

Dada Kreni hafanyi kampeni. Hiyo ndiyo kampeni yake! Anakaa kutwa kwenye kibanda chake kule juu, na kila asubuhi anawasalimia watu kwa redio ya mkononi, mmoja mmoja. Nani kasahau kofia ngumu, kamwona. Nani kaja amenuna, kamwona pia. Mvua ikija yeye ndiye wa kwanza kuiona, na hapo utasikia: "Jamani, mvua dakika ishirini, funikeni saruji." Watu wanampenda utadhani mvua yenyewe anaileta yeye. Mtu anayetabiri mvua kwa kuitazama! Nipeni ngazi, nami nitatabiri.

Lazima nishinde. Sababu ni moja. Mwezi uliopita nilimwambia baba mkwe kwa simu kwamba mimi tayari ni mwenyekiti. Sikukusudia. Aliniuliza kama bado naendesha "lile jiwe lenye injini", mdomo ukajijibia wenyewe. Baba mkwe aliendesha greda miaka thelathini na minane. Ni mmoja wa waasisi wa chama. Alifurahi mpaka akanyamaza. Sasa anakuja Ijumaa kujionea. Nimemwambia kuna kikao kidogo cha kunithibitisha.

Mama watoto anajua kila kitu. Amesema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kuwa njia fupi ikishindiliwa vizuri inapitika. Akaniangalia kama mtu anayeangalia sufuria iliyoungua, akaendelea kukunja nguo.

Nimebandika kanuni za uchaguzi. Nimeziandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Muhimu ni hizi. Kanuni ya nne: kura ni kwa kunyoosha mkono, na mkono usishuke mpaka hesabu iishe. (Nataka kuwajua wasaliti kwa sura.) Kanuni ya tano: mgombea ajifiche wakati wa kupigiwa kura, ili watu wasione haya. Kanuni ya sita: mgombea, hata akibaki peke yake, apate zaidi ya nusu ya waliohudhuria. (Hii ilikuwepo, sikuweza kuifuta.) Kanuni ya saba, tunda la akili yangu: mgombea ambaye miguu yake haipo uwanjani saa ya kura, amejitoa mwenyewe.

Saa ya kura ni saa kumi alasiri. Ijumaa saa kumi alasiri ni zege la ghorofa ya nne. Zege likianza haliachwi njiani. Dada Kreni atakuwa juu, mita hamsini. Miguu yake itakuwa wapi? Ha!

Fundi Lifti, msemaji wa watu wa ndani, aliisoma kanuni ya saba mara mbili. Akauliza kama imemlenga mtu fulani. Nikamwambia sheria ni msumeno.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Leo kulikuwa na mafunzo ya ishara za mikono za kreni. Lazima kwa wote. Nilisaini daftari la mahudhurio, nikakohoa mara mbili ili nionekane nipo, nikatoka kupitia nyuma. Mimi ni mtu wa rola. Rola haina ishara. Ukiiona inakuja, unasogea.

Nikaenda ofisini kwetu. Ofisi ya tawi ni kontena lililo pembeni ya uwanja. Lina meza, dirisha moja, viti viwili na faili kumi na nne. Mimi ni mtu wa utaratibu. Kila barua inayoingia naigonga muhuri, naiweka kwenye faili la "Zilizoingia", na zote nazisoma Jumamosi asubuhi. Watu wengi husoma barua hovyo hovyo, siku yoyote.

Nikabandika mabango yangu ukutani. Nafasi ilikuwa ndogo, ikabidi nifunike ile chati kubwa yenye michoro ya mikono. Sijui hata ni ya nini, na imechukua ukuta mzima.

Kazi kubwa ya leo: nimepata alama ya kampeni! Mkono juu, kidole kimoja kimenyooka, kinazunguka polepole. Maana yake ni gurudumu la rola. Ni rahisi na ina heshima. Nilijaribu mbele ya dirisha. Nilipendeza.

Mchana nikaanza na kura ngumu kuliko zote: Mpiga Ishara. Huyu ndiye anayesimama chini, amevaa kizibao cha kijani peke yake uwanja mzima, akimwongoza Dada Kreni. Mpiga Ishara akihama, nusu ya watu wa nje watahama naye. Nikamuuliza nani anasifiwa mzigo ukitua salama. Akasema Dada. Nani anasimama juani? Akasema yeye. Nikamuuliza ana kiti? Akacheka kwa uchungu. Miaka tisa hajawahi kukaa kwenye mkutano hata mmoja, viti huisha kabla hajafika.

Nikamwahidi kiti, mstari wa mbele, chenye mgongo. Pia cheo: Naibu Katibu wa Anga. Cheo hicho hakipo. Macho yakamlowa.

Nilipomwonyesha alama yangu aliganda. Akasema, Katibu, hiyo alama ina wenyewe. Nikamwambia ndiyo, mwenyewe ni mimi. Akakuna kichwa. Mwishowe akasema labda haitadhuru, maana Ijumaa saa hizo Dada atakuwa anafuata ishara za mwenzake aliye kule juu kwenye zege, hatakuwa anatazama uwanjani.

Sikuelewa kitu hata kimoja. Niliitikia kwa kichwa, kwa busara.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Zamu ya watu wa ndani. Malalamiko yao ni ya zamani: bendera ya chama ina picha ya katapila tu. Hakuna kitu chao. Fundi Lifti amesema hata mgeni akiiona atafikiri maji hupanda majengoni kwa kudra.

Nikawaahidi nitachora pampu pembeni ya katapila. Nilichora wakati wa mapumziko, kwa rangi ya kweli.

Nikaionyesha. Wakaisogelea. Mmoja akauliza kwa nini katapila linapewa birika la chai. Nikasema ni pampu. Akasema basi mbona ina mdomo. Fundi Lifti akataka kujua lifti iko wapi. Nikachora lifti. Lifti ni sanduku, kwa hiyo nilichora sanduku. Mafundi jenereta wakasema asante kwa jenereta. Nikasema ni lifti. Ugomvi ukazuka baina ya lifti na jenereta juu ya umiliki wa sanduku, na kwa dakika kumi nzima hakuna aliyenikumbuka.

Nikaokoa jahazi kwa kuahidi kwamba kila kifaa kitaandikwa jina lake chini. Wakatulia. Nadhani nimepata kura kumi. Kuna tone la rangi ya kijani kwenye suruali ya kazi. Mama watoto atalikuta mwenyewe.

Jambo la pili. Baba mkwe akiingia getini ataona nini kwanza? Mgongo wa kontena! Mlango umeelekea choo. Haifai. Nimeupaka mlango maneno MWENYEKITI WA TAWI, kwa herufi kubwa, nikaufunika kwa gunia kwa sasa. Kisha nimemwandikia msimamizi wa mradi barua rasmi, nakala tatu, kuomba kreni ilinyanyue kontena na kuligeuza litazame geti. Amejibu kwa mdomo kuwa litageuzwa Ijumaa jioni, baada ya zege. Nimemwomba ajibu kwa maandishi. Mambo ya mdomo hayana faili.

Jumanne na Jumatano zimekwenda vizuri mno. Nahisi kuogopa kidogo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Asubuhi, saa moja na nusu, redio zote zikalia kwa pamoja. Dada Kreni akimsalimia kila mtu. Kwangu alisema: "Habari ya asubuhi, Katibu. Kamba ya kiatu cha kushoto imefunguka." Watu wakacheka. Nikaangalia. Imefunguka kweli! Siwezi kushindana na mtu anayeona viatu kutoka mbinguni.

Nikachukua hatua. Nikapita na sanduku, nikakusanya redio zote za uwanjani kwa ajili ya "ukaguzi wa betri". Nane. Hata ya Mpiga Ishara. Nikazitoa betri, nikaziweka kando kwa mpangilio, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Zimebaki redio tatu tu: ya msimamizi, ya Dada, na ya kule kwenye zege. Mpiga Ishara aliuliza atawasilianaje. Nikamwambia ana mikono miwili, Mungu hakukosea.

Saa sita mvua. Hakuna aliyetuonya! Dakika ishirini zile zile ambazo tungefunika vitu, mimi nilikuwa katikati ya uwanja nikibandika mabango yangu mapya. Wino ukatiririka. Sura yangu ikaanzia kwenye nywele ikaishia kwenye kifua. Rola ikazama kwenye tope hadi nusu ya gurudumu, ikabidi kijiko kije kuivuta. Dereva wa kijiko alinivuta akiimba.

Nilipotazama juu, Dada Kreni alikuwa dirishani akipunga mikono yote miwili na kuelekeza mawingu. Nilidhani anajisifu. Sikumjibu.

Jioni mafundi wa minyororo walikuja kufunga minyororo kwenye pembe nne za kontena, tayari kwa kesho. Kazi safi. Nilipanda juu ya paa nikaruka ruka kujaribu. Haitikisiki.

Kesho ni kesho. Mama watoto ameninyooshea shati jeupe bila kusema neno. Kunyoosha kwake kulikuwa na maneno mengi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi (nimeandika Jumamosi alfajiri)

Naandika kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi: barua ya msimamizi imefika. Safi, kwa maandishi! Nikaigonga muhuri, nikaiweka kwenye faili la "Zilizoingia".

Saa tisa: nikaenda getini kumpokea baba mkwe. Alishuka na fimbo yake, amevaa koti la chama la miaka ile, vifungo vyote viko. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeishi na injini, "Mwenyekiti! Hujambo mwanangu?" Wanachama thelathini wakageuka. Nikamvuta chini ya paa la karakana, nikampa chai, nikamzungusha kwenye vifaa mpaka saa kumi kasorobo. Huko nyuma, pale kontena lilipo, nilisikia minyororo ikilia lia. Nikafikiri ni upepo.

Saa kumi kamili: mkutano. Nimeupanga mwenyewe. Wanachama wamekaa wakitazama karakana, migongo kwenye kontena, ili nikijificha mle niwaone bila kuonekana. Mpiga Ishara kiti cha mbele, chenye mgongo, kizibao cha kijani kinang'aa, amekaa kama bwana harusi. Nilimwomba baba mkwe aongoze kura, kwa heshima ya uasisi wake. Alikubali. Akauliza kwa nini mwenyekiti anapigiwa kura tena. Nikamwambia ni mambo ya kisasa.

Kanuni ya saba ikasomwa. Dada Kreni miguu yake haipo, amejitoa. Manung'uniko. Fundi Lifti akasema, basi, twende na kanuni. Mimi peke yangu! Nahitaji nusu na kitu. Kanuni ya tano: nikajifiche. Nikaingia kwenye kontena, nikafunga mlango, nikasimama dirishani.

Baba mkwe akapaza sauti: anayemtaka Katibu anyooshe mkono. Wakanyoosha. Vidole juu! Vinazunguka! Alama yangu! Mpiga Ishara alisimama kabisa, akanyoosha mkono wake mrefu wa kazi, kidole kikizunguka kwa ufundi ambao sijawahi kuuona. Nilitokwa machozi. Baba mkwe akaanza kuhesabu kwa kugusa kila mkono kwa fimbo. Polepole. Mmoja. Wawili.

Nilihisi mwili umekuwa mwepesi. Nikadhani ni furaha.

Watatu. Wanne. Nikaona wanachama wanakuwa wadogo. Nikasema moyoni, ndivyo kiongozi anavyowaona watu. Kikombe kikateleza mezani kikaenda ukutani. Nikatazama chini dirishani. Sikuona ardhi. Niliona paa la choo.

Nilipiga kelele. Jenereta lilikuwa linanguruma, hakuna aliyesikia. Mikono ilibaki juu, kanuni ya nne! Usishuke mpaka hesabu iishe! Kila nilipoomba washushe mikono, baba mkwe alikuwa kwenye mkono wa kumi na mbili. Na alikuwa akinitazama, ameelekea upande wangu kabisa! Baadaye aliniambia aliliona kontena likipaa tangu mwanzo, akadhani ndiyo sherehe yenyewe. Siku hizi mambo ni mengi, alisema.

Alipofika mkono wa kumi na tisa akasahau, akaanza upya.

Nikakumbuka redio. Nane, sandukuni, chini ya meza! Betri kando! Kwa mpangilio! Nikazimwaga betri, kubwa na ndogo zikachanganyikana sakafuni. Ya kwanza haikuwaka. Ya tatu ikawaka.

Nikasema: "Dada. Dada Kreni. Ni mimi."

Akasema: "Katibu? Hongera, naona mikono mingi. Uko wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya nini?"

Nikatoa mkono dirishani. Nikaupunga. Kisha nikamsikia akisema, taratibu kabisa, kama mtu anayeongea na paka aliye juu ya mti, "Kaa chini sakafuni, kaka yangu. Shika mguu wa meza. Usiende mlangoni." Kontena likasimama. Usawa wa ghorofa ya tatu. Mafundi wa zege walikuwa kwenye dirisha la jengo, wamekaa wanasubiri, tukatazamana. Mmoja akanipungia.

Hapo nilisema mambo. Nakiri. Nilisema uenyekiti ni wake. Nilisema ulikuwa wake tangu mwanzo. Nilisema hata kuhusu kanuni ya saba, na redio, na mafunzo niliyotoroka. Nilisema kuhusu baba mkwe. Nilisahau kwamba redio ya msimamizi na ya kwenye zege zinasikia. Walisikia. Wamesema sauti ilikuwa safi sana.

Alinishusha. Naandika ukweli japo unauma: kikombe kilichokuwa kimeangukia sakafuni hakikutikisika. Aliliweka kontena chini kama mtu anayelaza mtoto. Tena aliligeuza, litazame geti, kama nilivyoomba. Gunia lilikuwa limepeperuka. MWENYEKITI WA TAWI. Mlango ukafunguka nikatoka kwa magoti.

Wakati huohuo baba mkwe akatangaza: ishirini na saba! Zaidi ya nusu! Nimeshinda!

Fundi Lifti, aliyekuwa amegeuka akaniona nikishushwa, akanyoosha mkono. Akauliza, saa ya kura miguu ya Katibu ilikuwa wapi?

Baba mkwe akaomba asomewe kanuni ya saba. Akasomewa. Akafikiri. Akauliza nani aliyeiandika. Wote wakanionyesha. Akasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wagombea wote wawili walikuwa angani, tena mmoja alimzidi mwenzake kwa uzoefu. Kura irudiwe wote wakiwa chini.

Dada Kreni akashuka ngazi. Dakika kumi na tano. Hakuna aliyeondoka. Alipofika alikuja kwanza kwangu, akaniuliza kama nimeumia, akaniinamia, akanifunga kamba ya kiatu cha kushoto.

Niliombwa nisimame kama mgombea. Miguu ilikuwepo uwanjani lakini haikunikubali.

Kura: Dada Kreni, arobaini na sita. Mimi, sifuri.

Ndiyo. Nilinyoosha wangu. Nilikuwa wa kwanza.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ya kusoma barua. Nimefungua faili la "Zilizoingia". Barua ya msimamizi, ya jana saa nne: "Zege limechelewa hadi saa kumi na moja. Kreni itaanza na kontena lako saa kumi kamili. Mpiga Ishara atajulishwa kwa redio. Hakikisha hakuna mtu ndani."

Barua nzuri. Fupi, ina tarehe. Nimeihamishia faili la "Zilizoshughulikiwa".

Mpiga Ishara alikuja asubuhi kuomba radhi. Amesema aliinua mkono kwa mapenzi, akasahau amevaa kizibao. Dada alimwona mtu wa kijani akitoa ishara ya "pandisha", mafundi wameshaitundika minyororo kwenye ndoano, saa imefika, angefanya nini? Kumbe alama yangu ndiyo ishara ya "pandisha". Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia. Nikatafuta kwenye kumbukumbu zangu, Jumanne. Aliniambia.

Ameuliza kama cheo cha Naibu Katibu wa Anga bado kipo. Nimemwambia suala linashughulikiwa.

Kilichobaki kilikuwa baba mkwe. Jana usiku alikula, akapangusa fimbo yake, akalala. Leo, baada ya chai, akaniambia nimpeleke kazini akaone rola. Mama watoto akanitazama na ile sura ya sufuria. Nikaenda kama ng'ombe anayepelekwa mnadani.

Aliizunguka mara mbili. Akagonga gurudumu kwa fimbo. Kisha akapanda! Umri ule! Akaiwasha, akaenda mbele, akarudi nyuma, mstari umenyooka kama rula. Akashuka, akaniambia kwamba alijua tangu siku ya simu. Akasema, "Mwenyekiti huchaguliwa, mwanangu, hathibitishwi, na mimi ndiye niliyeiandika katiba." Alikuja tu aone nitaumalizaje uongo wangu. Amesema katika maisha yake ameona viongozi wengi wakiinuliwa na wanachama, lakini kwa kreni mimi ni wa kwanza.

Halafu akasema jambo jingine, akitazama barabara ya ndani niliyoishindilia mwezi uliopita. Amesema greda yake ilikuwa na makelele mengi, lakini baada yake lazima ije rola, na bila rola hakuna njia. Amesema ile barabara imekaa vizuri. Haijabonyea popote. Akanipiga bega.

Nilitoa leso. Kuna vumbi lilikuwa linaingia machoni.

Nimewaza mchana kutwa juu ya maneno yale. Rola huja mwisho, na bila rola hakuna njia. Ni wazi alikuwa ananipa siri ya uchaguzi: nisikate tamaa, zamu yangu inakuja.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mwenyekiti mpya ameanza kazi. Saa moja na nusu redio zote zililia. Aliwasalimia watu mmoja mmoja. Ameniacha niendelee kuwa katibu, amesema naandika vizuri na faili zangu zina mpangilio. Nimeona hapo dalili ya udhaifu.

Ametangaza mambo mawili. La kwanza: mafunzo ya ishara za mikono yatarudiwa leo saa kumi, kwa wote walio chini, "hasa Katibu". Nimeshasaini daftari. Nimesaini na la wiki ijayo, kuokoa muda.

La pili: nafasi ya msimamizi wa usalama wa tawi iko wazi! Uchaguzi baada ya wiki mbili! Nani anajua usalama kuliko mtu aliyeponea chupuchupu? Nimechukua fomu. Nimemwandikia baba mkwe barua, kumjulisha kuwa nimeteuliwa.

Nimekaa nikachambua yaliyotokea, kwa mpangilio. Alama yangu ilileta kura ishirini na saba. Hakuna aliyewahi kupata kura ishirini na saba kwa kidole. Kwa hiyo alama ni nzuri, ibaki. Kanuni zilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa moja tu: kontena. Lina kuta na paa. Wanachama hawakuniona! Mgombea wa usalama asimame mahali pa wazi, juu kidogo, kila mtu amwone.

Jukwaa nimelipata. Karibu na geti kuna paleti la matofali, limepangwa vizuri, bapa juu, kimo cha kiuno. Leo saa kumi, wenzangu wakiwa mafunzoni, nitapanda nifanye mazoezi ya hotuba. Nimemwomba Mpiga Ishara atoroke kidogo aje asimame mbele yangu na kizibao chake, anyooshe kidole, akizungushe, nione alama inavyoonekana kutoka juu. Amesita. Nimemkumbusha kuhusu cheo. Amekubali.

Nimelikagua lile paleti mwenyewe, maana usalama kwanza. Tayari limefungwa minyororo pembe zote nne. Nimeruka ruka juu yake. Haitikisiki.